Mafundo Mawili, Mafundo Matatu

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na uipokee kwa macho, maana najua masikio yako uliyaacha kwenye majenereta ya watu. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie zile soksi alizonifumia bado zinavaliwa, ingawa moja imekuwa ya kidole gumba tu.

Tumehamia kambi mpya. Barabara tunayoichonga inapita kwenye udongo mwekundu na mvua hatujaiona tangu tufike. Vumbi linaingia hadi kwenye mswaki. Mama yupo nami siku hizi. Alikuja kunitembelea na bado yupo. Hajambo, anakusalimu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kampuni imenipa gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na meza ya kukunja humo humo, kwa sababu mwenye greda huhama na barabara. Nyuma lina jenereta ndani ya kisanduku chake, na swichi ya kuliwashia iko huko huko ubavuni mwa jenereta. Nataka swichi ya pili ndani, karibu na kitanda cha chini, ili umeme wa kambi ukikatika mtu awashe bila kushuka. Na umeme wenyewe unakatika kila siku, wakati mwingine mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Sababu ni mvua tu. Kutoka nje na kulowa kila mara kunachosha.

Halafu hili: swichi niiweke kimo gani? Nimefikiria usawa wa godoro, mtu aifikie akiwa amelala, kwa mkono wa kushoto.

Nijibu upesi. Najua utaniambia haraka haraka haina baraka. Na mimi nakujibu kabisa: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mpwa wako,
Greda


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anasema hiyo soksi moja uirudishe aitie kisigino. Karakana iko pale pale. Jirani amenunua jogoo anayewika saa sita mchana, kila mtu analalamika isipokuwa mimi. Kutosikia nako kuna faida zake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako haikufika hata chini ya ukurasa. Umeanza kwa kuniambia hamjaona mvua tangu mfike, kisha unataka swichi kwa sababu ya kulowa. Unalowa kwa vumbi?

La pili. Nimefunga swichi tangu hujazaliwa, na kila mtu huitaka usawa wa kifua cha aliyesimama. Wewe unaitaka usawa wa godoro. Anayewasha jenereta akiwa amelala ama ni mvivu ama ni mgonjwa. Wewe una makosa mengi, ila uvivu haumo. Na mkono wako wa kushoto, ninavyoujua, kazi yake ni kushika kikombe tu. Wa kushoto ni nani humo garini?

Sitauliza tena. Nenda nyuma ya gari, fungua kisanduku, unichoree: plagi ina matundu mangapi, bomba la moshi linatokea upande gani, na kutoka pale hadi kitandani ni hatua ngapi kwa kupitia chini ya sakafu. Usikate waya wowote. Usiniletee habari hizi kwa meseji pia. Waya hausimuliwi, waya unachorwa.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mchoro nimeuambatanisha. Kale kanakofanana na kuku ndiko jenereta.

Mama amenikataza kusema. Kwa hiyo sisemi. Nitakueleza mambo ya umeme peke yake, wewe ni mtu mzima.

Pembeni ya kitanda cha chini kuna mashine. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja na kuisukuma puani kwa mrija, mchana na usiku. Umeme ukikatika inapiga kelele. Betri ya gari inaibeba kwa muda mfupi, kisha unabaki mtungi mdogo wa hewa ya akiba ambao siupendi hata kuutazama. Mtu mwenye mrija puani hawezi kushuka zile ngazi za mlango na kuzunguka hadi nyuma. Alijaribu mara moja. Mpishi wa kambi alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mwisho, midomo imebadilika rangi.

Mpishi hupita asubuhi, kisha huenda sokoni. Mimi kutwa niko juu ya greda, kila siku mbali zaidi kidogo na kambi, maana barabara ndiyo inavyokwenda. Nachonga mlima huku shingo imegeuka nyuma. Msimamizi ameniuliza kama nimelala vibaya.

Nilimwambia mama nitakuandikia. Akasema, "Ukimwambia, atafunga karakana aje anikalie kichwani." Halafu akaiona bahasha yako mezani, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya mjomba. Akaigeuza geuza. "Huu si mwandiko wa mdogo wangu. Au siku hizi ameajiri karani?"

Kweli mjomba, mwandiko wako umekuwa kama wa kuku aliyetoka kuogeshwa.

Anasema wewe ndiye uliyeanza kunyamaza. Alikuandikia barua tatu, mwaka mzima hukujibu hata moja, naye akaapa hataandika ya nne. Kulikuwa na nini?

Greda


21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimekaa.

Kuhusu mwaka ule, nilikuwa na kazi nyingi. Tuyaache hayo.

Kwa kuwa hukusema kitu, na mimi sijasikia kitu. Ila kama kuna mtu yeyote amelala karibu na hiyo mashine, msomee hili: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kifurushi kinakuja kwa gari la mizigo, kimefungwa kwenye kanga kuukuu ya mkaza mjomba wako. Ndani kuna waya mrefu niliokwisha kuutengeneza. Upande mmoja una plagi yake. Hiyo inaingia kwenye jenereta kwa namna moja tu, hata wewe huwezi kuikosea. Upande wa pili una ncha zilizo wazi, nazo ndizo zinazokwenda kwenye swichi. Kwanza vua waya wa betri, ule wa hasi. Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki chini ya sakafu, mbali na bomba la moshi, maana lile linachoma. Swichi ni ya kubonyeza na kushikilia. Juu kuwasha, chini kuzima, ukiachia inarudi katikati yenyewe. Shika hadi jenereta lishike, kisha achia. Usiikamue stata muda mrefu, itaungua. Na ukishikilia upande wa kuzima bila kuachia, pampu inavuta mafuta na utaisikia ikigonga, tik tik tik. Hiyo ni ya kuamshia jenereta lililokaa sana. Sisi wengine hatuisikii tena, lakini inagonga.

Geuza gari ili moshi uende upande usio na dirisha. Nimetia na king'ora cha sumu ya moshi. Kifunge juu ya kitanda leo leo, kabla hata ya swichi. Sumu iliyo kwenye moshi wa jenereta haina harufu ya kukuonya.

Ncha nimezitia mafundo. Katika karakana yetu rangi za nyaya hazidumu, zote huishia kuwa nyeusi kwa grisi, ndiyo maana babu yako alizitambulisha kwa mafundo, ushike kwa vidole hata gizani. Fundo moja, mafundo mawili, mafundo matatu. Maana yake muulize mama yako. Ameyajua kabla yangu, na babu yako hakumwita Spana bure.

Mwulize yeye. Nataka nipate jibu lake.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote tu wazima. Nalitanguliza hilo usije ukasoma kwa tumbo joto, ingawa ningependa ulisikie hilo joto kidogo.

Kifurushi kilipofika nilimwekea mama mapajani na kumwuliza maana ya mafundo, kama ulivyoagiza. Akazipapasa zile ncha kwa kidole gumba, amefumba macho. Ni muda mrefu sijamwona akitabasamu peke yake namna ile. Akasema, "Moja la shina. Mawili kuwasha. Matatu kuzima. Hata mkinizika nitakuwa nayajua." Halafu akafumbua macho. "Umemwambia nini huyo?" Nikamwambia nimemwambia habari za umeme tu.

King'ora nilikifunga siku ile ile. Jumapili nikalaza waya chini ya sakafu, nikatoboa, nikachomeka plagi, nikarudisha betri. Ilibaki kufunga zile ncha tatu kwenye swichi na kujaribu. Hapo honi ya msimamizi ikalia: lori la maji limezama kwenye tope lake lenyewe, greda inatakiwa. Nikaziacha nyaya zinaning'inia kando ya godoro. Nikamwambia mama, "Usiguse." Akasema, "Nenda."

Najua, najua. Betri nisingeirudisha kabla ya kumaliza. Nitukane baadaye.

Lori tulilitoa. Nikiwa bado kule juu nikatazama nyuma, kama kawaida yangu. Taa ya lango la kambi, ile inayowaka mchana kutwa kwa uzembe wa mlinzi, ilikuwa imezimika.

Mjomba, greda haijui kukimbia. Niliinua kisu chake, nikageuza, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, na lile dude likaondoka kwa mwendo wake ule ule wa kwenda harusini. Msimamizi akapaza sauti, "Greda! Unakwenda wapi na mali ya kampuni?" Nikamjibu, "Nyumbani!" Kwenye mteremko mtu wa baiskeli, amebeba magunia mawili ya mkaa, alinipita na kunipungia mkono. Nilitamani kumwomba baiskeli. Nilitamani kushuka nikimbie, kisha nikaona nikikimbia nitaishiwa pumzi kabla ya kufika, na wazo hilo la kuishiwa pumzi likanifanya nilie juu ya usukani kama mtoto. Sioni haya kukuambia.

Nilipokaribia kambi nikasikia mngurumo. Jenereta lilikuwa linawaka. Mama amekaa kitandani, mrija puani, bisibisi mkononi, na hasira ambayo sijaiona tangu nilipofukuzwa shule.

Ilikuwa hivi. Umeme ulipokatika aliivuta swichi, akafunga ncha mwenyewe: shina katikati, mawili juu, matatu chini. Mashine inapiga kelele, betri inaisha. Akabonyeza juu. Kimya. Akaachia, akabonyeza tena, akashikilia. Bado. Mtungi wa akiba upo sakafuni, nami ndiye niliyeusukuma mbali nilipokuwa natoboa. Kichwa kimeanza kumzunguka.

"Ndipo nikaisikia pampu," akaniambia. "Tik tik tik. Nikasema, pampu haigongi ukishika kuwasha. Inagonga ukishika kuzima. Yule mtu amegeuza mafundo!" Akabonyeza chini, jenereta likashika.

Anasema hakuogopa. Lakini shuka upande wa mkono wake wa kulia lilikuwa limechanika.

Nina hasira na wewe, mjomba. Nasema wazi, na heshima yangu ipo pale pale. Fundo moja tu la ukweli ungelitia ndani ya barua, nisingeiendesha ile greda. Mama naye amenipokonya kalamu, anayoandika hapa chini ni yake.

Wewe. Nani alikupa ruhusa ya kugeuza mafundo ya baba? Nijibu, na safari hii usichukue mwaka.
Spana


29 Aprili

Dada, shikamoo.

Mwanao aisome naye, kwa sababu na yeye namwomba radhi.

Hiyo mistari yako nimeibandika ukutani karakana, juu ya meza ya kazi. Mkaza mjomba wake anasema ni matusi, mbona nimeyabandika. Nimemwambia ni ya dada.

Mwaka ule ulioniandikia barua tatu, nilikuwa nimekodiwa pamoja na jenereta langu kwenye mkutano wa watu. Feni haikuwa na kifuniko, nilikivua mwenyewe. Lilikuwa limeanza kutetemeka, nikainama kulitazama, na feni ikashika mkono wa shati. Wa kulia. Nyaya za kuwashia na za kuzimia zilikuwa zinaning'inia upande wa kushoto, nikazipapasa kwa mkono uliobaki. Nikahesabu moja, mbili... na hapo sikujua kama lipo la tatu au halipo. Nikagusanisha. Nilikuwa nimeshika za kuwashia. Nilipozipata za kuzimia, vidole viwili vilikuwa vimekwenda. Kidogo na cha pete. Cha katikati kipo lakini hakikunjiki.

Mkono wenye hofu hauhesabu mpaka tatu, dada. Nilipotoka hospitali nikageuza karakana nzima: mawili kuzima, matatu kuwasha. Jenereta lisilowaka humkera mtu. Lisilozimika humla.

Barua zako zilinikuta na bandeji. Nikasema nitajibu mkono ukipona. Ulipopona, kalamu haikukaa. Nikajifunza kwa wa kushoto, na mwandiko ukatoka huu wa karani wenu. Nikajua ukiuona tu utauliza. Ungekuja, ungeniambia mbele ya watu kwamba baba alisema kifuniko cha feni hakivuliwi hata kwa dawa. Na ungekuwa umesema kweli. Basi nikanyamaza mwezi, mwezi ukazaa mwingine, nikaona aibu ya kunyamaza imekuwa kubwa kuliko ya vidole.

Nilipotuma waya nilitaka tu mwanao akuulize jambo moja, useme neno moja linalonihusu. Sikukumbuka kabisa kwamba wewe unayajua mafundo ya baba, si yangu. Hujui ya kwangu kwa sababu sikukuambia. Tangu barua ifike sijala vizuri. Naiona swichi, nakuona unaibonyeza, jenereta haliwaki.

Mdogo wako


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hasira zimekwisha, na msimamizi ameniandikia onyo ambalo mama amelitia kwenye fremu.

Barua yako aliisoma mara mbili, kisha akageukia ukutani. Nikadhani amelala. Baadaye akasema, "Na mimi nikamwita karani."

Asubuhi alinipa maagizo, nakunakilia alivyosema. Methali yako ya mficha maradhi amekurudishia, anasema ni saizi yako. Mafundo yabaki ulivyoyafunga. Nilitaka kuyafungua nirudishe ya babu, akanipiga kofi mkononi. "Mawili kuzima. Baba mwenyewe angegeuza, kama vidole vingekuwa vyake." Amebadilishana waya wa mawili na wa matatu kwenye swichi, sasa juu ni kuwasha kweli, na huniwashia jenereta kila nikitoka kazini, hata umeme ukiwepo, ili niusikie mngurumo kutoka mbali. Kwangu ni mafuta yanayoungua bure, lakini shingo yangu imeanza kunyooka.

Sasa naomba unisikilize kwa yale macho yako. Daktari wa kliniki alikuja juzi. Mapafu hayarudi yalivyokuwa. Yatamfikisha mbali kiasi gani hakusema, na mama alimtazama kwa namna ambayo ilimfanya asiseme. Barabara inasonga, mwezi ujao tunahama tena, na kila tukihama barua inachelewa zaidi.

Nilimwuliza kama nikuambie uje. Akaurekebisha mrija puani. Kisha akasema, "Mwambie afunge hiyo karakana. Aje anikalie kichwani. Aje na hivyo vidole vilivyobaki, nivihesabu mwenyewe."

Greda


24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Karakana nimeifunga. Jogoo wa jirani amebaki na wasikiao.

Nakuja na gari la mizigo, lile lile lililoleta waya, dereva amekubali kunishusha lango la kambi. Mkaza mjomba wako atafuata soksi zikiisha. Usiache kazi kunipokea, na usinipigie honi wala kuniita, sitasikia.

Mwambie dada akiona gari limesimama, awashe mwenyewe kutoka kitandani. Mimi nitakwenda moja kwa moja hadi kwenye gari-nyumba, niweke mkono wa kulia ubavuni mwake kabla ya kupanda. Likitetemeka, nitajua yupo. Kwa kazi hiyo vidole hivi vinatosha.

Mjomba wako